Kiatu Kifuate Mguu, Mguu Usifuate Kiatu

Katika mambo yanayozungumzwa siku hizi juu ya Kericho na Bomet, jambo la viatu halimo. Panazungumzwa mashine za kuchuna majani chai, makampuni yanayouzwa na kununuliwa, bonasi ya wakulima wadogo na bei ya mnada. Nami sipingi kuwa hayo ni makubwa. Walakini leo nimeazimia kuzungumza juu ya jambo dogo, nalo ni kiatu. Tena kiatu chenyewe ni kile cha magurudumu, ambacho watoto hukivaa wakateleza juu ya saruji na lami kama samaki majini. Msomaji wangu asinicheke mapema. Ndani ya kiatu hiki mna swali ambalo watu wa nchi ya chai wanaulizana kila siku bila ya kulitaja jina lake: je, chombo kimfuate mtu, au mtu alazimishwe kukifuata chombo?

Sisi watu wa pwani tuna haki ya kuingia katika mazungumzo haya. Majani yanayochunwa kwenye vilima vile huteremka mpaka Mombasa, na tangu mwaka 1969 mnada wa chai umekuwa ukifanywa hapa petu. Kikombe cha chai tunachonywea mahamri baada ya sala ya alfajiri kina jasho la watu ambao aghalabu hatuwajui. Basi si vibaya tukawajua, japo kwa kuanzia viatu vya watoto wao.

Gunia la viatu

Jumapili moja nilipokuwa mjini Kericho nilimwona kijana kwenye kiwanja cha saruji, na mbele yake gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na jozi kumi za viatu vya magurudumu, vyote vya mitumba, naye alikuwa akivikodisha kwa nusu saa nusu saa. Watoto waliomzunguka walikuwa wa kila namna: wa mjini wenye raba nzuri, na wa kambi za mashamba ya chai waliokuja na ndara na sandak. Asubuhi ile ilikuwa kavu, na kila mmoja alikuwa na haraka, kwani mvua ya Kericho haisahau zamu yake ya alasiri.

Nikasimama kando nikaangalia. Mtoto mmoja mdogo alipewa jozi kubwa kuliko mguu wake. Ikabidi atie karatasi mbele na soksi mbili juu, na hata hivyo kisigino kilikuwa kikicheza ndani kama mchi katika kinu. Msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, pesa yake mkononi, alijaribu jozi tatu zote zikamfinya, akarudi nyumbani na pesa yake. Kijana akanieleza taabu yake kwa ufupi: "Mzee, viatu ninavyo, lakini namba ndizo sina." Biashara yake ilikuwa na jozi kumi, na kila mteja alikuwa na jozi moja tu ya kuchagua, au hana kabisa.

Jambo hili si la Kericho peke yake. Hapa Mombasa, kwenye bustani ya ufuo ya Mama Ngina iliyofunguliwa upya mwaka 2019, vijana wenye viatu vya magurudumu huonekana jioni, na kote ambako viatu hivyo hukodishwa tatizo huwa lile lile. Lakini Kericho linauma zaidi, kwa kuwa kule mtoto wa kambi hana kiatu cha pili cha kukimbilia. Kiatu chake cha shule ndicho cha mchezo na ndicho cha kanisani. Naye akishakua hukirithi mdogo wake, kikimtosha kisimtoshe.

Ufunguo mmoja, miguu mingi

La kusikitisha ni kuwa tatizo hili lilikwisha kupata dawa zamani. Viatu vya magurudumu vina historia ndefu. Husimuliwa kuwa katika miaka ya 1760 fundi mmoja aliyetoka nchi ambayo leo ni Ubelgiji, jina lake John Joseph Merlin, aliingia katika karamu huko London akiwa juu ya magurudumu huku akipiga fidla. Naye kwa kuwa hakujua kusimama wala kugeuka, aliparamia kioo kikubwa akakivunja vipande na kujijeruhi. Mwaka 1863, Mmarekani James Plimpton wa New York akapata hati ya uvumbuzi wa kiatu chenye magurudumu manne kilichomwezesha mtu kukata kona kwa kuulalia upande mguu wake. Mwaka 1884, Levant Richardson akatia beringi za chuma katika magurudumu, mwendo ukawa mwepesi.

Kisha kikaja kiatu ninachokitaka mimi. Katika karne ya 20 watoto wa miji ya Marekani walikuwa na viatu vya magurudumu vya chuma vilivyofungwa juu ya viatu vyao vya kawaida. Havikuwa na ngozi wala kuta. Kilikuwa ni kitako cha chuma kilichokatwa vipande viwili, kimoja cha mbele chenye magurudumu mawili, na kimoja cha nyuma chenye magurudumu mawili. Vipande hivyo vililazwa kimoja juu ya kingine, na katikati yake pana tundu refu na bolti. Ukilegeza nati kwa ufunguo mdogo, ukavuta, kiatu kilirefuka, ukisukuma, kilifupika, ukikaza, kilitulia. Mbele palikuwa na vishikio viwili vilivyobana soli kwa skurubu, na nyuma ukanda wa kuzunguka kifundo cha mguu. Mtoto alining'iniza ufunguo shingoni kwa uzi. Jozi moja ilimchukua kwa miaka, na akishaacha mchezo ilimfaa mdogo wake.

Viatu vinavyouzwa madukani siku hizi kwa watoto vina kawaida nyingine. Ni buti la plastiki gumu lenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, na ncha yake ya mbele huteleza nje kwa kubonyeza kidude, ikaongeza namba tatu au nne. Ni ufundi mzuri, lakini una upungufu wa aina mbili. Kwanza, ncha husogea na magurudumu hayasogei, basi mguu mrefu hukaa juu ya msingi ule ule uliopimiwa mguu mfupi. Kile kitako cha zamani cha vipande viwili kilikuwa na akili zaidi katika jambo hili: kilipovutwa, magurudumu nayo yaliachana, na mtoto aliyekua akapata msingi uliokua pamoja naye. Pili, kidude cha plastiki kikivunjika, fundi wa Kericho hana la kukifanya. Bolti ikikatika, ataipata nyingine duka la pili.

Punje ya shayiri

Hebu tuingie katika hesabu, kwani ubunifu bila ya hesabu ni ndoto. Namba za viatu zinazotumika kwetu ni za aina mbili. Namba za Ulaya, kama vile 30, 34 na 40, hupandana kwa theluthi mbili za sentimita, yaani karibu milimita 6 na robo tatu kidogo isitimie. Namba za Kiingereza hupandana kwa theluthi moja ya inchi, kama milimita 8 na nusu. Na hiyo theluthi ya inchi asili yake ni punje moja ya shayiri. Waingereza wa kale walipanga punje tatu kwa urefu, ncha kwa ncha, wakapata inchi.

Waliosoma vitabu vya fik-hi watatabasamu hapa. Katika mlango wa sala ya msafiri, wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walipotaka kueleza masafa ya kufupisha sala waliteremka kutoka maili hadi dhiraa, kutoka dhiraa hadi vidole 24, na kutoka kidole hadi punje 6 za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Mwingereza aliipanga punje kwa urefu na Mwarabu akaipanga kwa upana. Wote wawili walitafuta kipimo ambacho maskini anacho ghalani mwake na tajiri hawezi kukipunguza.

Sasa tupime. Mtoto wa kiatu namba 30 na mtoto wa namba 36 wameachana kwa hatua 6. Zidisha, utapata milimita 40, yaani sentimita 4. Hivi ndivyo tundu la bolti linavyotakiwa kusafiri ili kitako kimoja kiwatoshe watoto wote walio baina ya wawili hao. Sentimita nne ni upana wa vidole viwili! Kijana wetu wa gunia, aliyekuwa akiwarudisha watoto nyumbani, upungufu wake wote ulikuwa wa upana wa vidole viwili.

Fundi aliye makini atauliza maswali, na ana haki. Je, kitako hakitapinda katikati kikivutwa hadi mwisho? Kitapinda, ikiwa vipande viwili havikupandiana vya kutosha; kwa hiyo bamba likatwe refu, ili hata katika namba kubwa kabisa kipande cha juu kiwe bado kimekikalia cha chini vizuri, na zitumike bolti mbili badala ya moja. Je, bolti haitalegea kwa mtetemeko? Italegea, kwani barabara ina mikwaruzo. Basi itiwe washa ya springi, na nyuso mbili za bamba zinazogusana zikatwe meno madogo madogo yapate kuumana. Je, vishikio vya mbele vitabana raba laini? Havitabana vyema, maana vilitengenezwa kwa soli ngumu ya ngozi. Badala yake itafaa mikanda miwili mipana yenye bizimu, mmoja juu ya vidole na mmoja juu ya kifundo, pamoja na kikombe cha kukalia kisigino. Sandak na ndara zisiruhusiwe kabisa, kwani mguu hutoka. Hakuna hata moja katika haya linalohitaji kiwanda kikubwa. Yanahitaji msumeno wa chuma, kekee, mashine ya kuchomelea na mtu mwenye subira.

Mitawanda na akala

Wako watakaosema kuwa kiatu kimoja cha kuwafaa watu wengi ni fikira ya Kizungu. Mimi nawajibu kwa mitawanda. Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliweka mitawanda ya mbao misikitini na majumbani, ya kuendea chooni na penye maji. Mtawanda hauna ukuta wala kisigino. Una kitako cha mbao na msuruaki uliosimama baina ya kidole gumba na cha pili. Basi aliukanyaga imamu, akaukanyaga mgeni, akaukanyaga na mtoto wa chuo aliyetumwa kuchota maji, na wote wakafika. Siri yake ni kushikwa na mguu mahali pamoja tu, na kwingine kote kuuachia mguu nafasi.

Bara nako wana akala, ndara ya tairi la gari lililochakaa. Fundi wa akala haulizi namba. Huuweka mguu wako juu ya mpira, akauchora, akaukata, akapigilia mikanda kwa misumari. Kwa muda mrefu akala ndiyo iliyowavusha watu wa bara katika matope. Ukivitazama pamoja mtawanda na akala utaona njia mbili za kumheshimu mtu: ama utengeneze kitu chenye nafasi ya kumpokea kila mmoja, ama umpime kila mmoja umtengenezee chake. Kinachoudhi ni njia ya tatu, ya kutengeneza kitu kwa namba moja kisha kumlaumu mtu kwa mguu wake.

Njia ya kwanza imepata mtetezi katika zama zetu, na mwanzo wake ni hapa Kenya. Mwaka 2007 kijana wa Kimarekani, Kenton Lee, alikuwa Nairobi akisaidia katika nyumba ya mayatima, akamwona mtoto wa kike ambaye viatu vyake vimekuwa vifupi hata vimekatwa mbele ili vidole vipate kutoka. Akajiuliza mbona kiatu hakiwezi kukua. Aliyapelekea makampuni makubwa ya viatu fikira yake, hayakuitaka. Baada ya miaka ya kujaribu, kufikia mwaka 2014 shirika lake, Because International, lilitoa ndara inayorefushwa na kupanuliwa kwa vifungo mbele, ubavuni na nyuma, ikapita namba tano. Ni kazi njema yenye kustahili shukrani. Hata hivyo najiuliza: mtoto aliyeonwa alikuwa Nairobi, na fundi wa akala alikuwapo Nairobi, tena huenda ni mtaa ule ule. Ilikuwaje jicho lililoona haja ile litoke ng'ambo ya bahari? Nadhani jibu ni kuwa sisi tumezoea. Kiatu kilichokatwa mbele tumekiona tangu utoto mpaka hatukioni tena.

Mashine isiyo na tundu la bolti

Hapa ndipo kiatu kinapokutana na habari kubwa za nchi ya chai. Kilimo cha chai cha makampuni kilianza Kericho katika miaka ya 1920, na kwa karibu karne nzima chombo cha kuchunia kilikuwa mkono. Mkono ni chombo kinachorekebishika kuliko vyote. Mama mnene na mama mwembamba, msichana wa miaka ishirini na mjane wa miaka hamsini, kila mmoja alichuna majani mawili na chipukizi kwa mwendo wake, na kikapu mgongoni kikafungwa kwa urefu wa mikanda yake. Malipo yalikuwa kwa kilo. Yalikuwa madogo na kazi ilikuwa ngumu, nami sitaki kuipamba. Lakini kazi ile ilikuwa na nafasi kwa miili mingi.

Kisha zikaja mashine. Ile ya kubebwa hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja huku wa mstari wa chai, na injini yake inanguruma baina yao. Ni nzito, nayo imekusudiwa mabega yenye nguvu na urefu unaokaribiana. Mwenye mgongo mbovu haimtaki. Mama mwenye mtoto mchanga haimtaki. Jopo lililoundwa Kericho mwaka 2023 lilisema kuwa kazi 30,000 zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi kwa sababu ya mashine. Mwezi wa Mei mwaka huo huo hasira ikafurika; mashine zikachomwa moto shambani, askari na raia wakapambana, damu ikamwagika na roho ikapotea. Wakati huo huo mashamba yenyewe yalikuwa yakibadilisha mikono. Unilever ilikwisha kuuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yakanunuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka.

Makampuni yana hoja yao: gharama zimepanda, bei za mnada hazitabiriki, na majirani wanaotumia mashine huuza kwa bei nafuu. Hoja hii haifai kupuuzwa, na kuchoma mali hakumrudishii mtu kazi. Lakini mimi natazama ubunifu wa chombo. Aliyeichora mashine ile alianza na kichaka cha chai na hesabu ya kilo, kisha akatafuta watu watakaoienea. Hakuanza na wale wamama. Laiti angeanza nao, pengine pangekuwa na mashine nyepesi zaidi, yenye mikono ya kurefushwa na kufupishwa, na ambayo mama wa miaka hamsini angeweza kuishika bila ya kuhamishwa shambani. Mashine ile haina tundu la bolti. Haijui kuongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya mtu.

Na mama akipoteza kazi ya kilo, kitu cha kwanza kuahirishwa nyumbani ni kiatu cha mtoto. Unga hauahirishiki, wala karo. Kiatu husubiri, na mguu hausubiri.

Wasaa

Tulisomeshwa chuoni, katika Sura ya Bakara, ya kuwa Mola hamtwishi mja lisilo katika uwezo wake. Neno la Kiarabu lililotumiwa hapo ni wus'u, na shina lake ndilo lililotupa sisi neno wasaa. Maana yake ya asili ni upana, nafasi ya kuenea. Tazama basi uzito wa funzo lile: hata dini, ambayo ni amri ya Muumba, imempimia mtu kwa upana wake, ikamfupishia msafiri sala, ikamruhusu mgonjwa kusali ameketi. Iweje mashine iliyotengenezwa na binadamu iwe na amri kali kuliko hiyo?

Najua wako wazee wenzangu watakaosema viatu vya magurudumu ni upuuzi wa vijana. Nawakumbusha ya kwamba Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha. Mchezo wa kuuimarisha mwili haukuwa aibu kwake. Cha kuchunga ni mahali na adabu. Kericho ina jeraha lake katika jambo la mahali: tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katika watu waliokuwa pembeni mwa barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tangu hapo, mzazi wa kule akimwona mtoto wake na magurudumu miguuni karibu na barabara kuu moyo humwenda mbio, naye hana makosa. Basi anayetaka watoto wateleze awape kwanza kiwanja cha saruji chenye ukuta, mbali na malori ya chai, pamoja na kofia ngumu na breki ya mpira kwenye ncha ya kiatu. Kaunti zinazojenga masoko na viwanja vya mpira haziwezi kushindwa na kiwanja cha hatua thelathini kwa ishirini.

Nani atavitengeneza?

Kericho si mgeni wa magurudumu. Puran Singh, Kalasinga aliyeishi kule miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, alikuwa fundi katika karakana iliyojulikana kwa jina la Kericho Wagon Works. Jina lenyewe lina magurudumu ndani yake. Wafuasi wake humheshimu kama mtu wa Mungu, na hekalu lao kubwa lingalipo pale mjini. Nalitaja hili ili pasiwe na mtu wa kudai kuwa ufundi wa chuma hauna mizizi katika nchi ya chai.

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wazee wanavijua kwa jina la zamani la politekiniki za vijiji, vimewekwa chini ya kaunti. Vijana wa Kericho na Bomet hujifunza humo kuchomelea, na aghalabu huishia kutengeneza madirisha na mageti yale yale. Wapewe kazi ya kitako cha vipande viwili. Bamba litoke kwenye chuma chakavu, ukanda utoke kwenye tairi la fundi wa akala, gurudumu na beringi vinunuliwe. Wajaribu kwa namba 30 hadi 36, wavunje, watengeneze tena. Atakayepata mbinu mpya ya kufunga na kulegeza aende kwa taasisi ya serikali ya hati za uvumbuzi, KIPI. Sheria ya mwaka 2001 inayo ngazi iliyowekwa mahususi kwa uvumbuzi mdogo wa aina hii, nayo humlinda mwenyewe kwa miaka 10. Uvumbuzi mwingi wa jua kali umeibwa kwa kuwa mwenyewe hakujua mlango wa kubisha.

Na atakayeijua kazi hiyo atakuwa amejifunza kubwa kuliko kiatu. Mkono uliozoea kuacha tundu refu badala ya tundu duara, ukikumbuka kuwa atakayetumia chombo hiki hajulikani bado na mguu wake haufanani na wangu, ndio mkono utakaokuja kutengeneza mashine ya chai yenye kumpokea mama, dawati lenye kumpokea mtoto mlemavu, na mkoba wenye kumpokea mzee. Nami niliwahi kumtungia fundi wa namna hiyo ubeti mmoja, nao ni huu:

Mtoto anapokua, kiatu kitamliza,
Ngozi nyuma huchubua, kidole kukiumiza,
Fundi mwenye kutambua, kipimo hukiongeza,
Hufunga na kufungua, mguu ukijikuza.

Wakubwa wanaokutana kuzungumzia mustakabali wa chai watakuwa na makabrasha mengi mezani: bei, kodi, mishahara, uwiano wa mashine na mikono. Sina haja ya kuwaongezea kabrasha jingine. Nawaomba tu waweke juu ya meza ile kiatu kimoja cha mtoto wa kambi, kilichokatwa mbele, kisha wajiulize kila wanapoafikiana jambo: je, hili tulilolipanga lina tundu la bolti? Na likiwa halina, nani atakayerudi nyumbani na pesa yake mkononi kwa kukosa upana wa vidole viwili?